Mwanangu Anataka Kubatizwa kwa Niaba ya Baba Yangu

Ilikuwa Jumatatu, jioni ya familia kama tunavyofanya sisi wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na somo lilikuwa la kijana wangu mkubwa. Mwaka huu anatimiza miaka 12 kwa hiyo keshafanyiwa mahojiano na askofu na kibali chake cha hekaluni anacho, kipya kabisa, na tangu akipate akili yake yote iko kwenye safari ya vijana ya kwenda hekaluni kubatizwa kwa niaba ya watu waliokufa bila ubatizo. Basi akafungua laptopu mezani akaingia FamilySearch, ile tovuti ya kanisa ya kutafuta ukoo, akaigeuza ili mimi na baba yake na mdogo wake tuone wote, akaanza kupanda na mti wa familia tawi kwa tawi huku anasoma majina kwa sauti kubwa. Upande wa baba yake majina yanajaa mpaka skrini haitoshi. Upande wangu kuna viboksi vichache tu halafu panakatika. Kidole chake kikasimama kwenye jina la baba yangu, pale kwenye kile kialama cha kijani cha hekalu.

"Mama, babu hajafanyiwa ubatizo. Mbona yupo karibu hivi na hajafanyiwa? Si nimfanyie mimi?"

Nikamwambia tutaongea, endelea na somo.

Akaendelea, maana ni mtoto msikivu, akamaliza, tukaimba, tukaomba. Mume wangu alikuwa ananiangalia tu. Ni wiki kadhaa sasa na lile swali limekaa kifuani, naenda nalo kazini narudi nalo, naosha vyombo nalo, Jumapili napokea mkate na maji ya sakramenti na lenyewe lipo. Ndiyo maana naandika.

Babu asiye na hadithi

Baba alifariki kabla mwanangu hajazaliwa. Watoto wangu wanajua jina lake na wanajua kazi aliyokuwa anafanya, basi. Hakuna picha yake ukutani kwetu na hakuna hadithi zake. Watoto wadogo hawaulizi sana kuhusu mtu ambaye hawajawahi kumwona, kwa hiyo miaka ikapita hivyohivyo.

Baba alikuwa analewa na alikuwa anapiga. Alimpiga mama, na tulipokua kidogo akatupiga na sisi. Sitaingia kwenye matukio, waliopitia wanajua na ambao hawajapitia hawahitaji kuonyeshwa. Nitasema kitu kimoja tu. Alikuwa na tabia ya kukohoa kabla hajagusa mlango. Kikohozi kikiwa kifupi na kikavu, mama alikuwa anapunguza taa haraka na kutuambia tulale hata kama bado mapema. Kikiwa kirefu, cha kuvuta, ujue leo ana nafuu, pengine hata atakaa chini aulize habari za shule. Nilijua kusoma kikohozi kabla sijajua kusoma kitabu.

Mpaka leo mtu akikohoa nyuma yangu kanisani mabega yananipanda yenyewe.

Nilibatizwa nikiwa mtu mzima, nimeolewa, mwanangu mkubwa bado ananyonya. Wamisionari walikuwa vijana wawili wadogo tu, na walipofika kwenye somo la familia za milele nyuso zao zilibadilika kabisa, unaona mtu anatoa kitu cha thamani kuliko vyote alivyonavyo. Wakasema familia zinaweza kuwa pamoja milele, siyo mpaka kifo kitutenganishe, milele. Mume wangu machozi yalimtoka. Mimi nikauliza, "Ni lazima?"

Wakatazamana. Mmoja wao akasema dada, sina jibu zuri la swali hilo, ila nitaliombea. Nadhani hiyo ndiyo sababu niliendelea kuwasikiliza. Angenipa jibu la haraka nisingewafungulia mlango tena.

Baadaye tukaenda hekaluni kama familia, tukavaa nyeupe, tukapiga magoti madhabahuni, mimi na mume wangu na mtoto wetu, tukaunganishwa kuwa familia ya milele. Kwa hawa milele naitaka yote. Lakini ule mnyororo una pande mbili, wa kwenda chini kwa watoto na wa kwenda juu kwa wazazi, na wa kwenda juu niliuacha palepale ulipokuwa. Kila darasani ikisomwa sehemu ya 128 ya Mafundisho na Maagano, moja ya vitabu vyetu vya maandiko, pale Joseph Smith, nabii mwanzilishi wa kanisa letu, anaposema dunia itapigwa kwa laana pasipokuwa na kiungo kati ya baba na watoto, nilikuwa nainamisha kichwa na kujifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Wafu waliopendwa

Kitu kinachonisumbua ni namna tunavyosimuliana habari hizi. Hadithi zetu zote za ubatizo kwa niaba ya wafu ni hadithi za upendo. Joseph Smith alifundisha jambo hili hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Agosti 1840 kule Nauvoo, Marekani, kwenye mazishi ya muumini mmoja, Seymour Brunson, na palepale kwenye umati kulikuwa na mama mmoja, Jane Neyman, aliyekuwa amefiwa na kijana wake Cyrus ambaye hakuwa amebatizwa. Mama yule hakusubiri. Mwezi uliofuata akaingia kwenye mto Mississippi akabatizwa kwa niaba ya mwanawe. Joseph mwenyewe alikuwa na kaka yake Alvin, alikufa mwaka 1823 bila ubatizo, na iliwauma sana kwao, mpaka mwaka 1836 kule Kirtland, hukohuko Marekani, alipoonyeshwa katika maono Alvin yupo kwenye ufalme wa selestia, ule wa juu kabisa mbinguni. Ukisoma unaona kabisa raha aliyoipata.

Nawaelewa. Mtoto wangu angekufa ningeingia mto wowote.

Ila nani anasimulia kuhusu yule ambaye jina la mfu wake likitajwa anataka kutoka nje? Darasani kwetu, kwenye Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama, dada mmoja aliwahi kuniambia kwa nia njema kabisa, samehe tu, ukishamfanyia kazi ya hekaluni utaona mzigo wote umeondoka. Nilimshukuru. Nikarudi nyumbani nimechoka mno, maana nilisikia kwamba kumbe maumivu yangu yanaendelea kwa sababu kuna fomu sijajaza.

Na maandiko yapo, siyakatai. Mafundisho na Maagano 64 mstari wa 10, Bwana anasema yeye atamsamehe atakayemsamehe lakini sisi tunatakiwa tusamehe watu wote. Wote. Nimeuombea huo mstari kwa miaka. Kuna siku naweza, kuna siku mtu anakohoa.

Ruhusa ni ya nani

Usiku ule wa Jumatatu watoto walipolala, mume wangu akaniambia, "Mama watoto, unajua siyo lazima. Mwambie tu hapana, ataelewa." Nikamwambia najua. Halafu nikakumbuka kanuni.

Mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita huwezi kumfanyia ibada hekaluni hivihivi tu. Mfumo wenyewe wa FamilySearch unakuuliza kama una ruhusa ya ndugu wa karibu aliye hai, na kuna mpangilio: kwanza mwenzi wa ndoa aliyekuwa naye mpaka anafariki, kisha watoto wake, kisha wazazi wake, kisha ndugu zake. Mama yangu yuko hai. Hakuachana na baba, alikaa naye mpaka siku ya mwisho, alimuuguza na kumzika. Siyo muumini wa kanisa letu na wala hana mpango.

Kwa hiyo neno lilikuwa la mama, siyo langu.

Kwanza nilifurahi kwa namna ambayo baadaye ilinisumbua. Niliona njia ya kutokea, kumwambia kijana kuwa bibi hajaruhusu, yaishe, bila hata kumuuliza huyo bibi. Nani angejua? Nilikaa na hilo wazo siku kadhaa nikilizungusha. Kilichonizuia ni kwamba mimi na mama hatujawahi kuongea kuhusu baba, hata mara moja. Tulimzika, tukagawana vitu vyake, tukaendelea na maisha. Na sasa kanisa ambalo mama hata halijui vizuri limeweka sharti kwamba yeye aulizwe, na mimi ndiye wa kumuuliza.

Niliogopa sana. Bora ningeambiwa nihutubie waumini wote wa kata yetu kanisani.

Aya ya 59

Kabla ya kupiga simu nilitaka nijue nitamwambia nini akiniuliza maana yake, kwa sababu mama si mtu wa kupewa majibu nusu. Nikarudi kusoma, safari hii polepole.

Kuna vitu viwili vilinisimamisha. Cha kwanza ni Malaki 4:6, aya ambayo sisi Watakatifu tunaijua kama jina letu. Siku zote nilikuwa naisikia kama amri kwa watoto, geuzeni mioyo yenu, tafuteni wazee wenu. Lakini inaanza wapi? "Naye ataigeuza mioyo ya baba iwaelekee watoto wao." Baba kwanza. Kuna atakayesema malaika Moroni alipomtokea Joseph Smith mwaka 1823 aliinukuu kwa namna nyingine, akiongelea mioyo ya watoto tu, na ni kweli. Ila Eliya mwenyewe alipokuja hekaluni Kirtland tarehe 3 Aprili 1836, maneno yaliyoandikwa sehemu ya 110 ya Mafundisho na Maagano yanaanza tena na mioyo ya baba. Nilikaa nayo hiyo. Maana yake, kama baba yangu yupo mahali anafundishwa, naye ana kazi ya kufanya kuhusu mimi, na wala haianzii kwenye mikono yangu.

Cha pili ni sehemu ya 138 ya kitabu hichohicho. Joseph F. Smith, aliyekuwa Rais wa kanisa, aliipokea Oktoba 1918, wiki chache kabla hajafa, mwaka uleule ambao mwanawe Hyrum alifariki mwezi Januari, na yeye mwenyewe aliachwa na baba akiwa na miaka 5 baba huyo alipouawa gerezani Carthage. Mtu aliyezijua habari za baba na watoto na kaburi. Anaona roho za wafu zinahubiriwa. Sote tunaipenda aya ya 58, kwamba wafu watakaotubu watakombolewa kwa kutii ibada za nyumba ya Mungu. Tunaishia hapo na kufunga kitabu. Aya ya 59 inaendelea, na inasema watapokea thawabu yao baada ya kulipa adhabu ya makosa yao na kuoshwa wakawa safi.

Baada ya kulipa.

Sijui kwa nini haikuwahi kuniingia. Nimekuwa naogopa kwamba siku mtu akizamishwa majini kwa jina la baba, kesi imefungwa, imefutwa, na mimi niliyelala na viatu miguuni ili niwahi kukimbia naambiwa haikutokea. Kumbe siyo. Ubatizo unamfungulia mlango, kupita ni kwake, na njia yake inapita kwenye yale aliyoyafanya, haiyazunguki. Na anaweza kukataa. Hilo nalo tunalifundisha tangu Msingi, madarasa ya watoto kanisani, hakuna roho inayolazimishwa, ibada inatolewa na mtu anaamua.

Nililia siku hiyo, lakini siyo kilio kile cha zamani.

Mkono wangu mwenyewe

Niseme na hili maana ni sehemu ya jambo lenyewe.

Sijawahi kuwapiga watoto wangu. Watu wananisifu, wanasema una subira dada. Mimi mwenyewe sikuwa na uhakika ni subira. Kijana akianza kunijibu vibaya, mlango ukibamizwa, mwili wangu unakuwa wa baridi, mikono naifungia nyuma, naondoka chumbani. Kwa muda mrefu nilijiuliza hivi hii ni imani au ni woga? Nawalea kwa upendo au namkimbia tu mtu aliyekufa? Mzazi anayeongozwa na Roho na mzazi aliyeganda kwa hofu, kwa mtazamaji wa nje wanafanana, wote wamenyamaza.

Nilipata ujasiri wa kwenda kwa mtaalamu wa ushauri nasaha, na nataka kuliandika hili wazi kwa ajili ya dada fulani anayesoma na anaona aibu. Oktoba 2013 Mzee Jeffrey R. Holland, mmoja wa mitume wa kanisa letu, alisimama kwenye mkutano mkuu wa kanisa akaongelea sonona bila kuificha, akasema na yeye aliipitia, na akasema mtu akiugua kidole tumbo Mungu anatarajia atafute baraka ya ukuhani na pia atafute matibabu bora. Vyote viwili. Na Mzee Richard G. Scott, mtume mwingine, huko nyuma Aprili 1992, alishasema kwenye mkutano mkuu kwamba aliyetendewa ukatili hana hatia na asijione ana hatia. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia kwamba kwenda kwa mshauri ni upungufu wa imani, mwambie mitume hawakusema hivyo.

Huyo mshauri hata siyo wa kanisa letu. Lakini ndiye aliyenisaidia kuona kwamba ninapotoka chumbani huwa narudi. Baba hakuwahi kurudi kuongea. Mimi narudi, nakaa kitandani kwa mwanangu, naongea naye kwa sauti ya kawaida. Nikafungua sehemu ya 121, yale maneno ya Joseph Smith yaliyotoka kwenye gereza la Liberty mwaka 1839, kwamba hakuna uwezo wala ushawishi unaopaswa kushikiliwa kwa ukuhani isipokuwa kwa kushawishi, kwa uvumilivu, kwa upole na unyenyekevu na upendo usio unafiki. Huwa tunawasomea akina baba. Safari hii nilijisomea mwenyewe kama mama, na nikakubali kwamba woga ulikuwepo mwanzoni, sawa, ila kuna mahali njiani ulibadilika na mimi sikuona ulipobadilikia.

Nilichomwambia mwanangu

Nilikuwa nimepanga kumwambia akifika miaka 16. Swali lake likabadilisha ratiba.

Tulikuwa wawili tu kwenye gari nje ya kanisa, tunamsubiri baba yake amalize kikao. Nikamwambia, "Kuhusu babu. Alikuwa anakunywa sana pombe, na akinywa alikuwa anampiga bibi. Na mimi pia alinipiga nilipokuwa mdogo kuliko wewe." Nikanyamaza hapo. Nilikuwa nimeandaa sentensi nyingine nyingi za kulainisha, zote zikapotea.

Hakusema kitu muda. Alikuwa anafungua na kufunga zipu ya begi lake la maandiko.

"Wewe bado unamwogopa?"

"Wakati mwingine."

"Hata sasa hivi amekufa?"

"Hata sasa hivi."

Akafikiria tena. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea, "Kwa hiyo nikimfanyia ubatizo utakasirika?" Nikamwambia hapana mwanangu, siwezi kukukasirikia kwa hilo, wewe umependa kufanya jambo jema. Nikamweleza kuhusu ruhusa, kwamba mwenye neno ni bibi, na kwamba bibi akisema hapana tutaheshimu. Akasema sawa. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Mimi nilidhani humpendi tu."

Miaka yote hii mtoto alikuwa ameona. Ukuta usio na picha alikuwa anausoma, na jibu alilolipata ni kwamba mama yake hapendi mtu.

Ninafurahi nilimwambia. Nawajua wazazi wengi wa kanisani wanaoamini kwamba tukiwaficha watoto mabaya ya wazee wao tunailinda familia ya milele. Mimi naona watoto wanaweza kubeba ukweli uliokatwa saizi yao. Kisichobebeka ni ukimya, kwa sababu kila mmoja anaujaza anavyojua.

Shikamoo mama

Nikapiga simu usiku. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, mbona saa hizi, watoto wazima? Wazima. Nikazunguka kidogo, nikauliza habari za miguu yake, halafu nikasema. Nikamweleza mjukuu wake anataka nini, na kwamba kwetu ni lazima yeye aridhie, asiporidhia haifanyiki.

Kimya. Nikadhani simu imekata.

"Akibatizwa ndiyo anakuwa msafi?"

Nikamweleza kama nilivyoelewa. Kwamba haimsafishi mtu kwa nguvu, kwamba ana njia yake ya kupita, kwamba kuna kulipa. Akasema mmh. Halafu akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa limemkaa muda wote tangu nianze kuongea.

"Na mimi nikifa, mtaniunganisha naye tena?"

Nilisikia miguu imeisha nguvu nikakaa chini. Muda wote nilikuwa nawaza milele yangu mimi na baba, sikuwa nimewaza yake. Nikamwambia mama, hapana, hakuna mtu anayefungwa na mtu bila yeye kutaka, huko hakuna kulazimishwa, na mimi sitafanya kitu chochote kuhusu wewe ambacho hujasema mwenyewe.

Akapumua. Halafu mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika, ambaye kwenye mazishi alimwombea baba mapumziko mema mbele ya watu wote na mimi nikaamini alishasamehe zamani, akaniambia hivi: "Wazazi wangu waliniambia nivumilie. Mchungaji akaniambia nivumilie. Ndugu zake wakaniambia nivumilie, nikavumilia. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza. Sasa mwambie mjukuu wangu anisubiri. Sijakataa. Nimesema mnisubiri."

Nikamwambia tutasubiri, mama.

Hata iwe muda gani? Hata iwe muda gani.

Ile kanuni ya ruhusa nilikuwa naiona ni mambo ya ofisi, ya kuzuia watu wasiweke majina ya wasiowahusu. Kumbe kuna mwanamke mmoja mzee ambaye hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kusema bado, na karatasi hiyo ndiyo iliyompa. Naamini Bwana yumo kwenye jambo hilo. Siwezi kulithibitisha kwa mtu, ila nalishuhudia.

Tulipo sasa

Kijana alienda kwenye safari yake. Alibeba majina ya upande wa baba yake, na mimi nikaenda nao. Tangu Oktoba 2019 hata sisi akina mama tunaweza kuwa mashahidi wa ubatizo hekaluni, basi nikakaa pale pembeni ya kisima, kile kinachobebwa na ng'ombe dume kumi na wawili, nikamwona mwanangu kwenye nguo nyeupe iliyomzidi mikono akizama na kuibuka, anafuta macho, anabana pua tena. Kila jina likitajwa linafuatiwa na yale maneno, kwa niaba yake, ambaye amefariki. Nikajaribu kuliweka jina la baba pale kimoyomoyo, nione litakuwaje. Sikuweza kulimaliza. Lakini nililianza, na sikutoka nje.

Askofu nilimweleza yote. Hakunipa tarehe ya mwisho, alisema tu nimwambie nikihitaji baraka, nikamwomba pale pale ofisini kwake na akanipa.

Na mama? Wiki iliyopita amepiga mwenyewe. Hakugusa habari za baba. Aliuliza hivi, hiyo huduma yenu, ni kwa wanaume tu au hata mama yake yeye, yaani bibi yangu mzaa mama, anaweza kufanyiwa? Nikasema anaweza, na mwenye kuruhusu ni wewe hapo. Akasema, "Huyo mfanyieni hata kesho." Akanitajia majina yake yote matatu, moja nilikuwa sijawahi kulisikia, akanitajia herufi kwa herufi na kunirudisha nilipokosea. Akauliza nani ataingia majini. Nikamwambia huyu ni mwanamke kwa hiyo ataingia mwanamke, nitaingia mimi.

"Basi ukifika huko mwambie nimekutuma mimi."

Kadi ya jina lake ya kwenda nayo hekaluni nimeshaichapa. Tunaenda mwezi ujao, mume wangu amechukua ruhusa kazini ili awe shahidi.